Mwimbaji Aliyehamia Kushoto

Mpwa wangu Ratri alipoolewa na kuhamia Balikpapan, ng'ambo ya bahari, chumba chake kilikaa kitupu siku tatu tu. Siku ya nne shemeji yangu Kuncoro alikuwa amekwisha ng'oa misumari ya picha ukutani na kuziba matundu, na nilimkuta amesimama katikati ya sakafu anapiga makofi.

"Sikia hiyo," aliniambia. "Pa! Halafu pa-pa-pa-pa. Umesikia sauti inavyokimbizana kwenye kuta? Huyo ndiye adui yetu, Tarjo."

"Adui yako, shemeji. Mimi nimekuja kuazima ngazi."

Karakana yangu ya useremala imepakana na nyumba yao, hapa Malang. Tunatumia ukuta mmoja. Mke wa Kuncoro, Murniasih, ni dada yangu mkubwa. Kwa hiyo kila kitu kizito kinachohitaji kubebwa katika nyumba ile ni changu kwa kuzaliwa. Ngazi sikuipata siku hiyo. Nilipata kazi.

Kuncoro alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini na mmoja, Blitar kwenda Surabaya na kurudi. Muda wote huo alikuwa akinunua santuri moja moja sokoni na kuzipanga chini ya kitanda, maana hakuwa na chombo cha maana cha kuzipigia. Alikuwa na redio ya jikoni yenye spika moja, basi. Mwaka wa tatu baada ya kustaafu akasikia kwamba warithi wa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa wa Surabaya wanauza vyombo vya marehemu. Akaenda asubuhi, akarudi jioni juu ya pikapu, amekumbatia spika mbili zilizonifika mbavuni, kila moja uzito wa gunia la mchele. Nyuma yake kulikuwa na kicheza santuri na amplifaya ya zamani, zile za taa, ambazo ukiwasha hutulia kwanza kama zinawaza, kisha zinang'aa rangi ya kaa la moto.

Dada naye alikuwa na mipango yake na chumba kile. Alitaka kuweka kabati lake la vyombo. Yeye alifanya kazi miaka ishirini na minane kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo kule Dinoyo, meza ya ukaguzi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua bakuli, unaligonga kwa kijiti, unasikiliza. Zima linakwenda kulia, lenye ufa linakwenda kushoto. Ufa wenyewe hauonekani kwa macho, ni wa kusikia tu. Alipoacha kazi wenzake walimpa sahani na mabakuli kadha wa kadha kama zawadi, na hakuwa na mahali pa kuyaweka.

Walibishana siku mbili. Mwisho wakakubaliana: chumba ni cha muziki, lakini kabati litakaa ukuta wa kushoto, na mtu asiliguse.

Tukaanza kupanga. Kuncoro alifunga uzi kwenye skrubu ya spika moja, akaupeleka mpaka spika ya pili, halafu akauvuta mpaka puani pake alipokuwa ameketi.

"Pembetatu," akasema, uzi umemkaa chini ya pua kama masharubu. "Pande zote tatu sawa. Spika hii, spika hii, na mimi. Sogeza ya kulia mbele. Kidogo. Nimesema kidogo, Tarjo, hujabeba jeneza!"

Nikasogeza. Akapima kwa futi kamba, akachora chaki sakafuni. Kisha akatoa santuri ya keroncong, ule muziki wetu wa filimbi, fidla na vigitaa vidogo, mwanamke mmoja akiimba nyimbo za kumlilia mtu aliyekwenda mbali. Akaweka sindano kama anamlaza mtoto mchanga.

"Sasa fumba macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati, pale ambapo hakuna kitu. Si kwenye spika hii wala hii. Ukifumba macho unamwona kabisa. Hiyo ndiyo raha yenyewe, ndiyo niliyoingoja."

Akafumba macho. Nikamtazama uso. Ulianza na tabasamu, tabasamu likapungua, halafu kidevu kikageuka polepole upande mmoja.

"Yuko kwenye kabati," akasema.

"Nani?"

"Mwimbaji. Ameingia kwenye kabati la dada yako."

Nikaketi mimi kwenye kiti. Nikasema kwangu naona yuko sawa tu, mama wa watu anaimba vizuri.

"Wewe umekaa na msumeno masikioni tangu utoto. Huna kura hapa."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwanza ilikuwa kosa la kabati: linanyonya sauti, linaivuta. Dada alikasirika lakini akalitoa, sahani arobaini na sita, kila moja imefungwa gazeti. Mwimbaji akabaki palepale kushoto. Likawa kosa la pazia la dirisha la kulia. Tukalishusha, majirani wakawa wanatuona kama samaki wa bwawani. Mwimbaji hakuhama. Ikawa spika ya kulia imechoka, kwa hiyo tukazibadilisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, na mgongo wangu ukalia kuliko fidla. Mwimbaji kushoto. Tukabadilisha waya. Tukabadilisha sindano. Tukasogeza kiti.

"Shemeji," nikamwambia wiki ya tatu, "miaka thelathini na mmoja umeendesha kitu ambacho hakiwezi kuhama reli hata sentimita. Sasa unalipiza kwa kuhamisha kila kitu duniani."

Hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta wa mbele, nyuma ya spika, ule tunaochangia.

"Huu ukuta," akasema. "Huu ukuta itabidi ubomolewe."

"Ubomoe! Utakaa hapo unasikiliza randa yangu, na itakuwa katikati kabisa."

Dada aliingia wakati huo na sahani ya tempe, ile soya iliyochachushwa na kukaangwa. Kabati lilikuwa limekwisha kurudi mahali pake, maana lilikuwa limethibitika halina hatia. Santuri ilikuwa inazunguka. Dada akasimama nyuma ya kiti cha mumewe, sahani mkononi, akasikiliza.

"Mnahangaikia nini? Huyo mama mbona yuko katikati."

"Mama Ratri, tafadhali."

"Yuko katikati. Pale, juu kidogo ya kile kikasha chenye taa. Kama amesimama na mikono ameifunga mbele."

"Yuko kushoto! Mwezi mzima yuko kushoto!"

Dada aliweka sahani juu ya kabati, akapangusa vidole, akamtazama mume wake kwa namna nisiyoipenda, kama anamtazama mtu mwenye homa.

"Inuka," akasema. "Geuza kiti. Kaa umezipa spika mgongo."

"Muziki hausikilizwi kwa kisogo."

"Kaa, Baba Ratri."

Akakaa, anaguna, ameelekea mlangoni.

"Fumba macho. Yuko wapi sasa?"

"Kushoto, nimekwisha waambia. Palepale." Na akanyoosha mkono kuonyesha.

Kisha akafumbua macho akaona mkono wake unaonyesha wapi. Ulikuwa unaonyesha dirisha. Kabati lilikuwa upande mwingine wa chumba, kulia kwake, kimya. Mwimbaji alikuwa amehama pamoja naye.

Yule mama kwenye santuri akaendelea kuimba. Dada akainama, akasugua vidole viwili karibu na sikio la kulia la mumewe. Kuncoro alikuwa anamtazama tu, anangoja. Akasugua karibu na sikio la kushoto, Kuncoro akaitikia kwa kichwa haraka: amesikia.

"Tangu lini?" Dada akauliza.

"Sijui. Simu huwa naweka la kushoto. Sikujua."

Dada akaketi sakafuni, kwenye alama za chaki. "Sokoni," akasema taratibu. "Nikitembea upande wako wa kulia, naongea peke yangu kama mwehu. Nilidhani umeanza kunidharau tangu ulipostaafu. Miaka mitatu nimekununia bure!"

"Ulikuwa umeninunia?"

"Hukuona?"

"Niliona umekuwa mtulivu."

Ilinibidi nitoke nje. Nilicheka mpaka nikashika mti wa mpera wa jirani, na huku moyo unaniuma.

Daktari wa masikio alisema ni mshipa wa fahamu wa ndani, haurudi. Dirisha la dereva lilikuwa upande wa kulia, kelele zote ziliingilia hapo, na umri nao umechangia. Kuna kifaa cha kuvaa, kitamsaidia kwenye mazungumzo, lakini kwa muziki asitarajie makubwa. Kuncoro aliporudi alifunika spika kwa shuka, moja nyeupe, moja ya maua. Siku kumi alikaa barazani anatengeneza baiskeli ambayo haikuwa mbovu.

Nikamkuta siku moja anasugua spoki kwa mswaki.

"Unajua nilikuwa najiambia nini kwenye injini?" akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuwa nasema, ngoja, siku moja nitakaa mahali patulivu nisikilize kila kitu ambacho hii kelele imeninyima. Kila siku nilisema hivyo, Tarjo. Na kila siku ilikuwa inanichukulia kidogo kidogo, na mimi sina habari."

Nikachukua kitambaa nikasugua gurudumu la pili.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Hapa mjini kuna chama cha wapenda santuri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanakwenda nyumbani kwa mwanachama mmoja, wanakaa wanasikiliza, wanasifu kwa mdomo na kukosoa kwa nyusi. Mwenyekiti wao ni Hendarto, daktari wa meno, mtu ambaye spika zake ni kubwa kama majokofu na ambaye huzungumza na kila mtu kana kwamba anakaribia kumng'oa jino. Kuncoro, siku zile za furaha yake ya kwanza, alikuwa ameandikisha jina. Zamu yake ilikuwa imebaki wiki moja.

"Nitawapigia," alisema jioni ile wakati wa chakula. "Nitasema tumefiwa."

"Amekufa nani?" Dada akauliza.

"Sikio."

"Hatuzushi msiba katika nyumba yangu. Kula."

Kesho yake asubuhi Kuncoro alikwenda kununua tairi la ile baiskeli. Nilikuwa napiga randa mguu wa meza niliposikia ukuta unagongwa. Tok. Tok. Kimya kidogo. Tok. Nikadhani Dada ananiita. Nikaenda, nikamkuta chumbani, mashuka yako chini, mkononi ana kijiti kile cha kiwandani, anagonga ukuta hatua kwa hatua, sikio ameliinamisha.

"Hapa pamejaa," akaniambia. "Hapa patupu, fundi aliweka plasta juu ya hewa. Hapa pamejaa." Akagonga ubavu wa spika. "Hii nzima. Na hii nzima. Washa mashine, mimi siigusi."

Nikawasha. Alisimama nyuma ya kiti, halafu akaketi, akafumba macho. Nilimwona kama nilivyokuwa namwona nikiwa kijana nikimpelekea chakula kiwandani: mabega yametulia, kichwa kimeelekea upande, uso hauna kitu.

"Kuna kitu kinalia ambacho si muziki," akasema.

Akainuka, akafungua kabati, akapitisha kiganja juu ya vyombo kama anayetafuta homa. Rafu ya tatu akasimama. Akatoa kifuniko cha bakuli la sukari. Akarudi kitini.

"Ahaa. Sasa ule mlio umekwisha. Isogeze hiyo ya kulia nyuma. Kidole kimoja, Tarjo. Kidole changu, si chako."

Tulihangaika hivyo saa nzima. Lile pa-pa-pa la kuta nalo lilimkera, akanituma nilete godoro la zamani la sufi, tukalisimamisha ukuta wa nyuma na kulifunika kwa kitambaa cha batiki. Nilipiga makofi. Ikasikika pa moja tu, ikafa.

Kuncoro alikuwa mlangoni, tairi limemkaa begani.

"Mnafanya nini?"

"Tunapanga," Dada akasema bila kufumbua macho.

"Spika haiwekwi hapo. Iko karibu mno na ukuta, besi itavimba."

"Imevimba kweli. Nilikuwa sijui inaitwaje. Inasikika kama mtu anayeongea na chakula mdomoni."

Kuncoro akateremsha tairi. "Unasikia hivyo? Chakula mdomoni?"

"Wali. Tena mwingi."

"Basi tuzivute mbele sentimita ishirini. Na tuzigeuze kidogo zikuangalie wewe." Alikuwa amekwisha ingia chumbani, futi kamba mkononi, sijui aliitoa wapi. "Tarjo, shika. Sasa?"

"Amemeza. Lakini filimbi imekuwa kali, inanichoma."

"Tumezigeuza kupita kiasi. Rudisha kidogo. Sasa?"

"Hapo. Usiguse."

Siku tatu walifanya hivyo. Kuncoro alijua kwa nini sauti inakosea, Dada alijua lini imekaa sawa. Hawakuacha kugombana hata dakika moja, na sijawahi kuwaona wakiwa na furaha kama ile. Mimi niliacha kazi ya mteja wa watu, nikatengeneza kiti cha pili. Tukakiweka kulia kwa kile cha kwanza, kimegeuzwa kidogo, ili sikio la kushoto la Kuncoro lizielekee spika, na ili Dada awe upande anaousikia.

Jioni ya Ijumaa niliwapelekea kahawa, nikawakuta wameketi wote wawili. Kuncoro alikuwa amefumba macho.

"Filimbi iko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya mwimbaji. Kulia. Amekaa chini, nafikiri, inatoka chini chini."

"Na fidla?"

"Fidla amesimama huku kwako. Karibu sana. Nusura akutie upinde wa fidla jichoni."

Kuncoro akasogeza kichwa nyuma, kweli kabisa, kama anampisha mtu. "Na yeye mwenyewe?"

"Katikati. Ameifunga mikono mbele."

"Amevaa nini?"

"Sikii nguo, Baba Ratri."

"Jaribu."

Dada akasikiliza kidogo. "Kebaya ya kijani," akasema. Niliweka kahawa mlangoni nikaondoka.

Jumapili saa tatu asubuhi wakaja, wanaume watano, viatu vimepangwa mlangoni. Daktari Hendarto alikuja na kipimo cha taa nyekundu, akapima umbali wa kila kitu mpaka kimo cha dari. Akaketi kwenye kiti cha Dada bila kuulizwa. Wengine wakakaa sakafuni nyuma yake. Santuri ikapigwa upande mzima, hakuna aliyekohoa.

"Hmm," akasema Daktari mwishoni. "Si mbaya. Kwa vyombo vya umri huu, si mbaya." Kisha akatoa kwenye mkoba wake mfuko wa mahameli, na ndani ya mfuko waya mnene kama nyoka aliyeshiba. "Lakini, Mzee Kuncoro, umevifunga kwa waya wa taa ya barazani. Niruhusu."

Akafunga mwenyewe, amepiga magoti, matako juu, anahema. Santuri ikarudiwa. Daktari akafumba macho na kunyoosha mikono pande mbili.

"Aaa. Mnasikia? Hewa imefunguka. Chumba kimekuwa kikubwa mara mbili."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa: kweli, kweli, hewa. Dada, aliyekuwa amesimama kando ya kiti cha mumewe, akainama akamnong'oneza. Kuncoro akabana mdomo, mabega yakaanza kumtikisika.

"Kuna nini?" Daktari akauliza.

"Hakuna kitu, Daktari. Mke wangu anasema mwimbaji amepotea."

"Amepotea vipi?"

"Samahani, Daktari," Dada akasema. "Kwanza alikuwa amesimama pale. Sasa hana mahali. Mara yuko mlangoni, mara yuko ndani ya kichwa changu. Kama amevunjika."

Daktari akatabasamu lile tabasamu la kabla ya sindano. "Mama, huo ni upana wa sauti. Sikio lisilozoea huliona jambo hilo ajabu."

"Inawezekana. Ila besi nayo imekwenda wapi?"

Mtu mmoja mnene aliyekuwa amekaa karibu na kabati, muuza chakula cha ndege ambaye tangu afike hakuwa amesema neno, akafumbua macho. "Kweli," akasema. "Besi imekwenda wapi?"

Nikachukua tochi, nikaenda nyuma ya spika. Sihitaji masikio kuona rangi. Spika ya kushoto, waya mwekundu uko penye nyekundu, mweusi penye nyeusi. Spika ya kulia, mwekundu penye nyeusi.

"Daktari," nikasema, "huku nyuma kuna jino limepandwa juu chini."

Walicheka mpaka batiki ikadondoka kutoka kwenye godoro. Masikio ya Daktari Hendarto yaliiva kama pilipili. Alirudi akapiga magoti, akarekebisha kimya kimya. Santuri ikapigwa mara ya tatu, na safari hii hata mimi nilimsikia yule mama akirudi mahali pake, katikati, kama mtu aliyetoka nje mara moja kuchukua kitu. Sikujua kwamba na mimi naweza kusikia hivyo.

Daktari akamgeukia Kuncoro. Nadhani alitaka kunusurika kidogo. "Bila shaka na wewe, Mzee, ulilisikia lile kosa papo hapo."

Kuncoro angeweza kusema ndiyo. Nilimwona akifikiri. Kisha akagonga sikio lake la kulia kwa kidole.

"Hili lilistaafu kabla yangu," akasema. "Nina moja tu, Daktari. Mimi napanga, mke wangu anasikia, na Tarjo anabeba."

Muuza chakula cha ndege akasema, "Langu la kushoto linapiga mluzi tangu mwaka juzi. Sijamwambia mtu." Mwalimu mmoja mstaafu akasema yeye sauti nyembamba zote hazisikii, matoazi anayafahamu kwa kukumbuka tu. Mmoja akasema daktari wake amemkataza kabisa kusikiliza kwa sauti kubwa, na amemficha mkewe. Tukahesabu. Katika wanaume watano waliokuja kuhukumu chumba cha shemeji yangu, tulipata masikio mazima matano, na mawili kati ya hayo ni ya Daktari, ambaye asubuhi hiyo hakuwa na nafasi ya kujivuna nayo. Dada akaleta rawon, ile supu nyeusi ya nyama, wakala mpaka saa saba, wakaongea kuhusu masikio kama wanawake wanavyoongea kuhusu uzazi.

Jumanne Daktari Hendarto alipiga simu. Hakumtaka Kuncoro. Alimtaka Dada. Jumamosi tukaenda watatu nyumbani kwake, na Dada akagonga zile kuta zake zilizovikwa sifongo pande zote, akakaa, akasikiliza, akasema, "Chumba chako kimevaa makoti manne, Daktari. Kivue matatu." Kuncoro akaeleza sababu zake kwa pembetatu na sentimita. Mimi nikang'oa sifongo. Tangu hapo tumekwenda nyumba tisa, mbili ziko mpaka kule Batu, milimani, na kila mahali tunalishwa.

Kile kifaa cha sikio Kuncoro alikichukua. Anakivaa sokoni, maana huko anatakiwa kujibu. Chumbani anakivua na kukiweka juu ya amplifaya mpaka Dada anampigia kelele kwamba kitayeyuka.

Na Dada sasa ameharibika kabisa. Mwezi uliopita alinunua santuri yake mwenyewe, ya kwanza maishani: dangduti, ngoma tupu na filimbi ya kupandisha mori. Kuncoro alisimama mbele ya mashine, mikono ameitandaza.

"Vyombo hivi si vya dangduti, Mama Ratri. Hizi spika ni za watu wazima. Zitapasuka moyo."

"Sogea."

"Marehemu mwenyewe atafufuka huko Surabaya."

"Akija atapata kiti. Sogea, Baba Ratri, sioni hata mpiga ngoma yuko wapi."

Nilikuwa karakanani, yote nayasikia kupitia ukutani. Halafu ngoma zikaanza, na patasi zangu zote zikacheza kwenye rafu, moja ikaanguka ndani ya kopo la gundi. Nikachukua nyundo nikagonga ukuta mara tatu. Wakadhani nashangilia. Wakaongeza sauti.